Pesa, hela, hawala: nani alitoa ruhusa?

Wadau, leo naomba niwachoshe kidogo na jambo ambalo wengi tunawaachia wanasheria na wahasibu: leseni. Sina maana ya leseni ya udereva wala ya duka la dawa. Nazungumzia ruhusa ya kufanya biashara ya kupeleka fedha za watu kutoka nchi moja kwenda nyingine. Najua mada yenyewe inaleta usingizi. Lakini nimezunguka nayo huko Lushoto, na nimerudi nikiamini kwamba ukitaka kuijua serikali yoyote iliyowahi kutawala milima ya Usambara, uliza ilimruhusu nani kushika fedha inayosafiri.

Tuanze na lugha yetu wenyewe. Pesa ni neno la Kihindi, limetoka kwenye paisa. Hela ni Mjerumani, jina lake la ubatizo ni heller. Hundi nayo imevuka bahari kutoka India. Hawala ni Mwarabu. Leseni ni Mwingereza. Maneno matano, na kila moja liliingia nchini na mtu aliyekuja kutuambia fedha halali ni ipi na nani anaruhusiwa kuisafirisha. Sisi tuliyapokea yote, tukayavalisha kanga, leo hakuna anayekumbuka kwamba yalikuwa wageni.

Hoja yangu ni hii, na naiweka mezani mapema ili mwenye kubisha ajiandae: katika milima ile, sheria ya kutuma fedha ilivunjwa zaidi pale ofisi ya kibali ilipokuwa mbali na mtu, na ilitiiwa pale ilipomfuata mtu alipo. Sidhani kama Wasambaa ni wakorofi kuliko watu wengine. Nadhani ni suala la umbali.

HONGO YA MAZINDE

Ukipanda basi Mombo kuelekea Same, muda si mrefu unapita Mazinde, milima ikiwa mkono wako wa kulia. Abiria wengi hapo wamelala. Lakini katika nusu ya pili ya karne ya 19, hapo palikuwa na mtu mkubwa sana, Semboja, mtoto wa Kimweri ye Nyumbai. Baba yake alitawala kutoka Vugha, juu kabisa mlimani, na sauti yake ilisikika mpaka kwenye miji ya pwani. Alipofariki mwaka 1862 mambo yakaanza kuvurugika. Semboja akaona kitu ambacho wengine wa ukoo wa Kilindi walichelewa kukiona: utajiri ulikuwa umeshuka mlimani. Sasa ulikuwa unapita tambarare, kwenye njia ya misafara ya kutoka Pangani kwenda bara. Naye akashuka akaufuata.

Msafara ukipita ulilipa hongo. Leo neno hilo maana yake ni rushwa, lakini wakati ule lilikuwa ada halali ya mtawala. Ukilipa unapita, una amani na maji ya kunywa. Usipolipa, shauri yako. Jamani, hiyo si leseni ni nini? Ada inajulikana, anayeitoza anajulikana, na ukishalipa unapata ulinzi.

Huko pwani nako kulikuwa na utaratibu wake. Kwa miaka mingi ya karne hiyo, ushuru wa forodha wa Zanzibar na bandari za Mrima ulikodishwa kwa nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, Mhindi aliyemlipa Sultani kiasi maalumu kila mwaka kisha akakusanya mwenyewe. Leo tungesema serikali imempa mtu binafsi mkataba wa kukusanya kodi. Hakuna jipya chini ya jua.

Fedha yenyewe ilikuwa mzigo. Reale ya Maria Theresa ilikuwa sarafu ya fedha, na ukiwa na mia kadhaa unahitaji mpagazi na mlinzi. Ndipo hundi na hawala zilipopata kazi. Mfanyabiashara wa Pangani anaandika karatasi, ndugu yake wa Zanzibar au Bombay anaisoma na kulipa. Baadaye wanamaliza hesabu kwa bidhaa. Hakuna sarafu iliyopanda jahazi. Wala hakukuwa na ofisi iliyowapa kibali. Leseni yao ilikuwa jina. Ukikataa kulipa hundi moja, habari zinafika Lamu kabla ya upepo kugeuka, na biashara yako imekwisha.

Kuna wenzetu wanaopenda kusifia mfumo ule kwamba ulikuwa wa kuaminiana, bila urasimu. Ni kweli, lakini uliaminiana ndani ya ukoo na dini. Msambaa aliyeshusha tumbaku yake kutoka mlimani hakuandikiwa hundi na mtu. Yeye alilipwa vitambaa na shanga, akapanda zake. Mfumo wa jina ulimlinda mwenye jina tu.

HELA YA KAISARI

Wajerumani walipokuja, mambo ya fedha hayakuanza na serikali. Yalianza na kampuni. Deutsch-Ostafrikanische Gesellschaft, kampuni ileile ya akina Carl Peters, ilipewa haki ya kutengeneza sarafu, na mwaka 1890 ikatoa rupia yenye sura ya Kaisari Wilhelm II. Rupia moja ilikuwa pesa 64. Fikiria hesabu hiyo sokoni. Miaka ya 1904 na 1905 serikali ikachukua jukumu hilo yenyewe, rupia ikagawanywa kwa hela 100, na thamani ikafungwa: rupia 15 kwa marki 20. Mwaka huohuo 1905 benki ya koloni, Deutsch-Ostafrikanische Bank, ikaanzishwa na kupewa haki ya kutoa noti. Na mwaka huohuo reli kutoka Tanga ikafika Mombo.

Mambo hayo matatu yaende pamoja kichwani mwako: kiwango kilichofungwa, benki yenye leseni na reli. Mlowezi aliyelima huko juu, Lushoto ambayo waliibatiza Wilhelmstal kwa heshima ya Kaisari wao, sasa aliweza kuuza mazao yake na kupeleka fedha Hamburg bila kuogopa kwamba rupia itaporomoka njiani. Mwaka 1911 ikaongezeka Handelsbank für Ostafrika pale Tanga. Kwa mlowezi, fedha ilikuwa na njia pana.

Kwa Msambaa njia ilikuwa fupi. Kodi ya kibanda ilidaiwa, na serikali ilitaka fedha taslimu kila ilipoweza kuipata. Kisha mwaka 1907 wilaya ya Wilhelmstal ikaleta kadi ya kazi: mwanamume alitakiwa kumfanyia Mzungu kazi siku 30 katika kila miezi minne, kwa ujira uliopangwa. Kwa hiyo huyo naye alikuwa na hati yake ya serikali, na hati hiyo ilihusu mwili wake. Hela aliyoipata ilitoka mkononi mwa mlowezi, ikalala kwake siku mbili tatu, ikaenda kwa mkusanya kodi. Safari ya hela imekwisha.

Halafu vita ikaja. Koloni likazingirwa, noti za kutoka Ulaya hazifiki, Wajerumani wakachapa noti za dharura, na mwaka 1916 wakatengeneza sarafu za dhahabu za rupia 15 huko Tabora. Mwaka huo Waingereza waliingia Lushoto. Serikali iliyotia sahihi kwenye karatasi zile ilipoondoka, aliyezihifadhi kwenye chungu alibaki na karatasi. Wakusanyaji wa sarafu wa leo wanazitafuta kwa udi na uvumba. Waliolipwa nazo mshahara hawakupata bahati hiyo.

SHILINGI ISIYOJUA MPAKA

Mwaka 1919 Waingereza waliunda Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki. Makao yake yalikuwa London, na huko yalibaki hadi 1960 yalipohamia Nairobi. Baada ya kujaribu florini kwa muda mfupi, mwaka 1921 ikaja shilingi. Shilingi 20 kwa pauni moja, iwe Tanganyika, Kenya au Uganda.

Kwa mtu wa Lushoto hili lilikuwa jambo kubwa kuliko linavyosikika. Vita ilikuwa imeunganisha reli ya Tanga na Moshi na ile ya Kenya kupitia Voi. Mboga na matunda ya milimani yaliweza kuuzwa Tanga au Mombasa, na noti iliyolipwa Mombasa ilinunua chumvi Mombo bila kubadilishwa. Kwa takribani miaka 45 muuza kabichi alifanya malipo ya kimataifa bila kujua kwamba ni ya kimataifa. Hakujaza fomu wala kutafuta dalali, na posta ilikuwa na hawala zake kwa aliyetaka kutuma kidogo nyumbani.

Siwasifii wakoloni, msinielewe vibaya. Bodi ile ilikaa London kwa sababu akiba iliyoilinda shilingi ilikaa London. Na Vita vya Pili vilipoanza mwaka 1939, udhibiti wa fedha za kigeni uliwekwa katika himaya nzima, ili dola za makoloni zisaidie vita ya Mwingereza. Kutoka hapo, kununua fedha ya nje ya eneo la pauni kulihitaji kibali. Mzizi wa sheria tuliyokuja kuilaumu Bongo miaka ya themanini uko hapo. Tuliirithi.

MPAKA UNAPOINGIA KWENYE NOTI

Tarehe 14 Juni 1966 Mwalimu Nyerere alifungua Benki Kuu ya Tanzania, Edwin Mtei akiwa gavana wa kwanza. Tukapata shilingi yetu. Ilikuwa siku ya haki kabisa; nchi huru haiwezi kuachia wengine fedha yake. Mwanzoni shilingi tatu za Afrika Mashariki zilikuwa na thamani moja. Februari 1967 likaja Azimio la Arusha, benki zikataifishwa, ikaundwa Benki ya Taifa ya Biashara. Sasa mlango wa kutoa fedha nje ya nchi ukawa mmoja, na ufunguo wake ukawa kibali cha Benki Kuu.

Hapa swali la leseni lilibadilika. Semboja aliuliza: umenilipa? Benki Kuu iliuliza: dola zetu zinakwenda wapi? Ni swali la msingi kwa nchi inayouza kahawa, pamba na mkonge ili inunue mafuta na vipuri. Dola moja ikitoroka, basi moja linalala gereji. Ninaposoma habari za miaka ile najitahidi kukumbuka hivyo, maana ni rahisi kucheka mambo yaliyopita.

Lakini simama Mtae, kaskazini mwa Lushoto, siku isiyo na ukungu. Chini yako ni mbuga ya Mkomazi, na mbele yake kabisa ni Kenya. Unaiona kwa macho. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na Tanzania ikafunga mpaka. Haukufunguliwa tena hadi Novemba 1983. Mtu aliyekuwa na mteja Mombasa tangu enzi za baba yake akaambiwa kwamba biashara yake sasa ni magendo. Ili ailipwe kihalali ilimbidi kibali, na kibali kilikuwa Dar es Salaam. Dar es Salaam kutoka Mtae enzi zile ilikuwa kama kwenda hija.

Nilizungumza na mzee mmoja kijijini karibu na Lukozi ambaye miaka ile alikuwa kijana mwenye miguu myepesi. Baada ya shikamoo na marahaba nilimwuliza pesa ilikuwa inavukaje.

"Pesa haikuvuka, mjukuu wangu," alinijibu. "Pesa ya kule ilibaki kule. Iliyovuka ni sabuni."

Alinieleza utaratibu wao taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto kuhesabu. Mazao yanashuka, yanauzwa kwa shilingi ya Kenya. Shilingi hiyo ukiivusha ni kesi, kwa hiyo hukohuko inageuzwa kuwa sabuni, dawa ya meno, mafuta ya kula. Bidhaa inapanda mlima, inauzwa kwa shilingi yetu. Wakati mwingine mwenye fedha kule ana ndugu huku, basi wanalipana wenyewe na hakuna kinachovuka kabisa. Nilimsikiliza nikawaza: babu huyu hajawahi kusoma neno la benki, lakini ananieleza hawala. Hundi ya Pangani imerudi, safari hii inapita porini usiku.

Machi 1983 ikaanza vita dhidi ya wahujumu uchumi, chini ya Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine. Bunge likapitisha sheria maalumu ya mwaka huo, na fedha za kigeni zilizokutwa bila kibali zilihesabiwa humo. Mtuhumiwa alipelekwa kwenye chombo maalumu, bila dhamana, bila rufaa kwenye mahakama za kawaida. Wazee wanasimulia jinsi watu walivyotupa mali usiku, wengine mtoni, wengine barabarani. Tuliozaliwa baadaye tunasimuliwa kama hadithi ya kuchekesha. Kwa aliyekuwa na noti mbili za kigeni chini ya godoro, alizotumiwa na ndugu, haikuchekesha hata kidogo.

Sasa sikilizeni hii. Sheria hiyo ilidumu mwaka mmoja tu kabla ya kubadilishwa. Na katika bajeti ya Juni 1984 serikali ileile ilisema kwamba mwenye fedha zake za kigeni aagize bidhaa kwa fedha hizo, hataulizwa alizipata wapi. Shilingi ikashushwa thamani, dola moja ikawa kama shilingi 17. Maduka yakaanza kujaa.

Tafakari hilo, msomaji. Mwaka 1983 dola mfukoni ni ushahidi dhidi yako. Mwaka 1984 dola ileile ni mchango wako kwa taifa. Dola haikubadilika, wala tabia ya watu. Serikali ilikuwa imekubali kwamba fedha hizo zipo, zimekuwapo siku zote, na kwamba mlango mmoja uliofungwa kwa ufunguo wa Dar es Salaam hauwezi kuzihesabu.

MADUKA, MAGAIDI NA MASWALI MAPYA

Miaka ya tisini ilikuja kwa kasi. Sheria ya benki ya mwaka 1991 ikaruhusu benki binafsi. Sheria ya Fedha za Kigeni ya mwaka 1992 ikaondoa ule udhibiti wa urithi, na Aprili 1992 maduka ya kubadilishia fedha yakaanza. Kitu ambacho miaka tisa nyuma kilifungwa jela, sasa kikawa na kibao cha rangi barabarani na bei imeandikwa kwa chaki. Lakini kumbuka tofauti ambayo mpaka leo watu wanaichanganya: leseni ya kubadili fedha ni kitu kimoja, na leseni ya kuipokea ya mtu na kuipeleka nchi nyingine ni kingine. Duka linakupa shilingi na kumalizana nawe hapohapo. Anayetuma anabaki na fedha yako mkononi kwa saa au siku kadhaa, na huko ndiko hatari iliko.

Kisha mabomu. Agosti 7, 1998, ubalozi wa Marekani hapa Dar es Salaam na ule wa Nairobi. Septemba 2001, New York na Washington. Novemba 2001 Marekani ikaifungia Al-Barakaat, kampuni kubwa ya hawala ya Wasomali, na familia nyingi Somalia zikakatiwa riziki kwa siku moja. Dunia nzima ikaandika sheria upya. Ya kwetu ya kuzuia utakatishaji wa fedha haramu ilipitishwa mwaka 2006.

Na swali likabadilika tena. Haulizwi mtu dola zinakwenda wapi tu. Anaulizwa: wewe ni nani, na fedha hii umeipata wapi? Mimi mwenyewe nimeonja. Niliwahi kulipwa dola 80 na jarida moja la nje kwa makala. Benki moja hapa mjini ikanizungusha karibu wiki tatu: barua ya mwajiri (sina), mkataba (ni barua pepe mbili), maelezo ya chanzo cha fedha (nimeandika makala, hii hapa, soma). Nilipoipata ilikuwa imekatwa na kila aliyeishika njiani. Mimi nakaa mjini na najua kubishana. Mama wa Mlalo anayetumiwa ada ya mtoto kutoka Muscat anabishana na nani?

BARUA ISIYO NA PINGAMIZI

Sasa nifike kwenye sehemu ya historia hii ninayoipenda, kwa sababu kwa mara moja tulifanya vizuri.

Januari 2008 Profesa Benno Ndulu alishika ugavana wa Benki Kuu. Aprili mwaka huo Vodacom ikaleta M-Pesa. Wengine wakafuata: Z-Pesa ya Zantel, Zap ambayo baadaye ikawa Airtel Money, Tigo Pesa. Tatizo ni kwamba hapakuwa na sheria ya Bunge iliyosema kampuni ya simu inaweza kushika fedha za watu. Benki ndiyo iliyokuwa na leseni. Kampuni ya simu ilikuwa na minara.

Mamlaka ingeweza kusema: hakuna sheria, kwa hiyo hakuna huduma, rudini baada ya Bunge kukaa. Badala yake Benki Kuu ilitumia miongozo iliyokuwapo na kutoa barua ya kutokuwa na pingamizi, kwa masharti. Kampuni ishirikiane na benki. Kila shilingi inayoonekana kwenye simu ya mteja iwe na mwenzake halisi kwenye akaunti maalumu ya benki, ambayo kampuni haiwezi kuila. Miamala iwekewe ukomo. Taarifa zipelekwe. Wakaangalia mambo yanavyokwenda kwa miaka saba, kisha mwaka 2015 ikaja Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa pamoja na kanuni zake za leseni na za fedha za kielektroniki. Zile barua zikageuka leseni kamili.

Kule milimani matokeo yake yalikuwa ya ajabu. Kwa mara ya kwanza ofisi yenye kibali haikuwa Dar es Salaam, wala Tanga, wala hata Lushoto mjini. Ilikuwa meza ya mbao yenye mwavuli, Soni, Lukozi, Mlalo, na aliyeikalia ni binti unayemjua kwa jina la mama yake. Kitabu chake cha kusajili miamala ndicho kiungo cha mwisho cha mnyororo unaoanzia Benki Kuu. Watu hawakuhubiriwa kutii sheria. Sheria ilipanda daladala ikawafuata.

Na mpaka? Februari 2014 Tigo, ambayo siku hizi inaitwa Yas, iliunganisha wateja wake wa Tanzania na wa Rwanda, na simu yenyewe ikabadili fedha. Ilikuwa mara ya kwanza duniani kwa huduma ya aina hiyo. Machi 2015 M-Pesa ya Tanzania ikaunganishwa na ya Kenya. Njia ya sabuni ikapata mpinzani halali. Muuza karoti akaweza kulipwa kutoka Mombasa akiwa amekaa kwake.

KINACHOBAKI

Msije mkadhani nasema leseni ni kero tu. Mwaka 2009 wengi walilia na DECI, iliyokusanya fedha za watu bila leseni ya kupokea amana. Waliopoteza hawakuwa na mlango wa kubisha. Huko Nairobi, Desemba 2015, Mahakama Kuu ilikataa kuilazimisha Safaricom irudishe huduma iliyokuwa ikitumiwa na BitPesa, kampuni iliyotumia bitkoini kutuma fedha, na sababu kubwa ilikuwa hiyohiyo: haikuwa na leseni ya utumaji fedha chini ya kanuni za Kenya za 2013. Mahakama ilisema jambo la kawaida kabisa, kwamba teknolojia mpya haikupi ruhusa ya zamani.

Na ruhusa yenyewe siku hizi ni ya pande mbili. Anayetaka kumletea mama wa Mlalo fedha kutoka London awe na idhini ya mamlaka ya Uingereza, na upande huu apitie kwa mwenye leseni ya Benki Kuu yetu. Akitaka kuhudumia Watanzania wa Marekani, karibu kila jimbo lina leseni yake, juu ya usajili wa serikali kuu. Muscat, nyumba za kutuma fedha zinapewa leseni na Benki Kuu ya Oman. Kila leseni ina mtaji wake, ukaguzi wake, mtu wake wa kusimamia utii wa sheria. Gharama hizo zote anazilipa nani? Zinakatwa kwenye ada ya mtoto.

Nasi tumeonyesha kwamba tunaweza kurudi nyuma. Novemba 2018 maduka ya kubadilishia fedha Arusha yalivamiwa katika operesheni iliyohusisha askari wenye silaha, na mapema 2019 ikafika Dar es Salaam. Mengi yalifungwa. Benki Kuu ilisema kulikuwa na ukiukwaji wa masharti, na sina sababu ya kudhani wote walikuwa malaika. Lakini kwa miezi kadhaa mtu mwenye dola 50 alirudi kwenye foleni ya benki, au kwa jamaa wa mtaani anayejua jamaa. Oktoba 2022 nchi yetu ikaingizwa kwenye orodha ya kijivu ya chombo cha kimataifa kinachopambana na utakatishaji fedha, FATF, na maswali ya benki za nje yakaongezeka kwa kila muamala. Tulitolewa Juni 2025, baada ya kurekebisha mengi. Ni habari njema, na haikutangazwa vya kutosha vijijini ambako faida yake inapaswa kufika.

Pale Lushoto mjini kipo Chuo cha Uongozi wa Mahakama, ambako watumishi wengi wa mahakama zetu wanasoma. Nikipita nje yake huwa nawaza: vijana hawa ndio watakaosikiliza kesi za kutuma fedha bila leseni miaka ijayo. Natamani kila mmoja, kabla ya kuhitimu, apande Mtae siku moja asimame pale ukingoni. Aangalie Kenya kwa macho yake, kisha ahesabu saa za kufika kwenye ofisi inayotoa kibali. Akishajua hesabu hiyo, ataweza kutofautisha mhalifu anayekimbia sheria na raia ambaye sheria haijamfikia.

Mimi msimamo wangu ni kwamba leseni ziwepo, tena kali kwa wanaoshika fedha nyingi za watu. Ila ziwe na ngazi, mdogo asidaiwe mtaji wa mkubwa, na kila kanuni mpya ijaribiwe kwanza kwa swali moja: mtu wa Mtae ataitii akiwa wapi? Kama jibu ni Dar es Salaam, basi tumeandika sheria ya magendo.

Nyie mnaonaje, wadau? Hasa wale ambao wazazi wenu walivuka na sabuni. Semeni tu, mwaka 1983 umepita.